Upande wa Nne

Saa kumi na moja alfajiri,
kabla ndege ndogo za Wilson hazijaanza kukohoa,
natoka na koleo, na kipima umeme kisichoaminika,
na chupa ya chai ya rangi.
Kazi yangu ni waya.

Kuanzia Lang'ata hadi Barabara ya Mombasa
nakagua nguzo baada ya nguzo,
nikinasua vilivyopeperushwa na mji usiku:
karatasi za krispi, risiti, wigi la kahawia,
siku moja cheti cha ndoa, wino haujafifia.
Kipima kikigoma natumia mbinu ya marehemu Nzioki:
chuma unyasi mbichi, ulaze juu ya waya,
usogeze kidole polepole
mpaka umeme ukutekenye.
Ukikutekenya, faru wamelala salama.
Usipokutekenya, piga simu.

Pande tatu ni zangu.
Wageni huniuliza, na wa nne?
Nawaonyesha kusini, Mto Mbagathi,
ambao kiangazi mtoto huuvuka kwa hatua tatu.
Ng'ambo yake hakuna waya, na si kwamba tulisahau.
Paliachwa wazi makusudi,
maana nyumbu hajui ramani.
Mvua ikinyesha Kaputiei, naye huifuata,
na siku atakayozuiwa, mbuga hii itakuwa zizi tu
lenye maghorofa mazuri nyuma yake.

Hayo nayasema vizuri. Hunipigia makofi.
Nisilowaambia ni hili:
ng'ambo ya mto nina ploti.

Hamsini kwa mia. Miaka sita ya akiba ya chama,
na pete ya Kavinya, aliyoivua bila neno
akaiweka juu ya meza ya sonara.
Hati ninayo, ndani ya bahasha, chini ya godoro.
Jumapili nilikwenda kuitazama ardhi yangu
nikakuta njia imeikata mshazari,
kutoka kigingi hadi kigingi,
njia nyembamba, ngumu, iliyolainishwa na kwato
tangu babu yangu hajavishwa kipande shingoni.
Na mavi ya pundamilia, bado yana joto,
pale pale nilipopanga kuweka jiko.

Jirani yangu mtarajiwa ni Nalotuesha.
Aprili simba walimmalizia kondoo kumi na mmoja.
Fomu ya fidia anaihifadhi kwenye kopo la mafuta ya kupikia;
karatasi imelowa, jina lake limeanza kung'aa.
Siku hizi boma lake limezungukwa na taa za kumetameta,
usiku utadhani kuna harusi.
Nilimwuliza kama anawachukia.
Akasema, "Nani? Simba,
au nyinyi wa ploti?"
Akaendelea kukamua.

Fundi wa nguzo amepiga simu mara mbili.
"Wewe mtu wa waya," ananicheka, "unakosaje ua?"
Kweli. Koleo ninalo. Mikono inajua.
Siku mbili zingetosha, na ya pili ningemaliza mapema.
Kavinya anataka kujua tunahamia lini.
Kidole chake bado kina mbonyeo
pale pete ilipokaa.

Leo, kutoka nguzo ya mia mbili na nne,
nimewaona nyumbu wakipita chini ya daraja la reli,
treni juu yao ikienda zake pwani.
Nimewahesabu: ishirini na tisa.
Mwaka nilioajiriwa tulikuwa tunachoka, tunakadiria.
Wamesimama kidogo wakinusa upepo,
kisha wakashika kusini, mmoja nyuma ya mwingine,
kwa mwendo wa watu wanaokwenda kwao.
Nikafuata mstari wao kwa macho hadi mtoni,
na kupita mto,
na nilijua ni ploti ya nani.

Kipima kimegoma tena.
Nimechuma unyasi, nimeulaza juu ya waya,
nimesogeza kidole, nimekisogeza,
umeme ukanitekenya
nami sikucheka.